Kano, mwalimu wa shule aliyeleta mkanda mweusi

KIJANA wa Songea akimwona mtu amefunga mkanda mweusi kiunoni, anajua hapo si pa kuleta mchezo. Mkanda huo, hata kwenye karate, ulianzia kwa mwalimu wa shule wa Japan, Kano Jigoro, aliyezaliwa mwaka 1860.

Kano alikuwa na mwili mdogo, na shuleni wenye nguvu walimwonea vya kutosha. Mwaka 1877 akaanza kujifunza jujutsu. Mwaka 1882, akiwa na miaka 21 tu, akafungua shule yake, Kodokan, kwenye hekalu moja jijini Tokyo. Mikeka 12, wanafunzi hawafiki kumi. Alichuja mbinu za kuvunjana viungo, akaupa mchezo jina la judo.

Zamani mwanafunzi alisubiri miaka mpaka mwalimu apende kumpa siri zake. Kano akaweka madaraja, dan, kuanzia 1883. Ukifuzu unapanda, na kila mtu anaona umefika wapi. Karate iliazima mfumo huo baadaye, na mpaka leo mashirikisho ya dunia yanaendeshwa hivyo.

Kazi iliyompa mkate ilikuwa ualimu. Kwa zaidi ya miaka 20, kwa vipindi, aliongoza chuo kikubwa cha ualimu Tokyo, na tangu 1896 alipokea wanafunzi kutoka China.

Mwaka 1909, miaka mitatu baada ya Wajerumani kumnyonga Nduna Songea Mbano, Kano aliingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC), Mwasia wa kwanza. Mwaka 1912 Japan ilipeleka wanariadha wawili tu Stockholm. Mmoja, Kanakuri, hakumaliza marathoni. Ajabu, judo yenyewe mzee hakuipigia debe iingie Olimpiki.

Alichopigania ni Tokyo kuandaa michezo ya 1940, na mwaka 1936 ikashinda. Mwaka uliofuata Japan ikaingia vitani na China, nchi ya wale wanafunzi wake. Machi 1938, akiwa na miaka 77, akatua Cairo, kwenye kikao cha IOC, kuitetea Tokyo mbele ya wajumbe wenye mashaka. Tokyo ikabaki nayo. Lakini mzee hakufika nyumbani. Mei 4, ndani ya meli ya Hikawa Maru, nimonia ilimmaliza zikiwa zimebaki siku mbili kutia nanga Yokohama. Julai hiyohiyo, serikali ya Japan ikairudisha michezo.

Shirikisho la Kimataifa la Judo lilizaliwa 1951, na Oktoba 28, siku aliyozaliwa Kano, ndiyo Siku ya Judo Duniani. Judo iliingia Olimpiki Tokyo, mwaka 1964. Wenyeji wakabeba dhahabu tatu, ila ile ya uzito huria, waliyoitaka kuliko zote, ikachukuliwa na Mholanzi Anton Geesink, pandikizi la mtu. Miaka mingi baadaye, Geesink naye akawa mjumbe wa IOC.