Kanoni Apolo Kivebulaya, Mtumishi Asiyeomba Uhamisho

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi vijana mlioko madarasani sasa, sisi tulioajiriwa serikalini twaijua vizuri barua ya kuomba uhamisho. Mtu hupelekwa mbali na mji, na kabla hajafungua mizigo yake amekwisha kuiandika. Yafaa basi tumkumbuke mtu mmoja aliyefukuzwa katika kituo cha mbali, naye akaomba kurudishwa huko huko.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda yapata mwaka 1864. Katika ujana wake aliwahi kuwa Mwislamu, kisha akabatizwa mwaka 1895 na kuwa mwalimu wa dini. Jina la Kivebulaya, maana yake kilichotoka Ulaya, alipewa kwa sababu ya koti jekundu la kijeshi alilovaa pamoja na kanzu. Alitumwa Toro, na mwaka 1896 akavuka Mto Semliki kwenda Mboga, iliyo leo katika Kongo.

Huko hakupokewa kwa ngoma. Mtawala wa Mboga, Tabaro, alimchukia kwa kuwa mafundisho yake yaligusa ulevi na wingi wa wake. Dada yake Tabaro alipokufa kwa ajali ya mkuki, Apolo alisingiziwa kuwa ndiye aliyemwua. Alifungwa minyororo, akapelekwa Fort Portal. Ilipothibitika kuwa hana hatia aliachiliwa. Angeweza kwenda kwao akapumzike, wala asingelaumiwa na mtu. Lakini alirudi Mboga, na yule Tabaro aliyemtesa mwishowe akabatizwa.

Apolo alipata ukasisi mwaka 1903, na mwaka 1922 akafanywa kanoni wa Kanisa Kuu la Namirembe. Cheo hakikumwondoa kijijini. Hakuoa, lakini nyumba yake ilijaa watoto aliowalea na kuwafundisha.

Tangu mwaka 1921 aliwaendea Wambuti, wawindaji wa msitu wa Ituri, ambao majirani zao waliwadharau kana kwamba si watu kamili. Hakungoja watoke msituni. Aliwafuata makambini mwao, akajifunza lugha yao, akaanza kuitafsiri Injili ya Marko ili waisikie kwa maneno yao wenyewe.

Alifariki Mboga tarehe 30 Mei, 1933. Desturi ilikuwa maiti azikwe akielekea mashariki. Yeye aliusia kichwa chake kielekezwe magharibi, upande wa msitu, kwa kuwa kazi ya huko ilikuwa haijakwisha. Mwaka 1972 Mboga ikawa makao ya dayosisi, na mwaka 1992 Kanisa Anglikana la Kongo likawa jimbo kamili.

Vijana, kesho mtakuwa waganga, walimu, mabwana shamba na makarani. Wengine mtapangiwa mahali pasipo na barabara wala taa, kwa watu ambao wenzenu wanawacheka. Mkumbukeni Apolo kabla hamjashika kalamu kuandika ile barua. Imani aliyopewa bure hakuifanya mali yake, bali aliigawa kwa mtawala aliyempiga na kwa mwindaji aliyedharauliwa, sawasawa. Elimu tuliyoipata katika shule hii nayo tuigawe hivyo hivyo.