Fumo Liyongo: Shujaa Asiyeangushwa kwa Mieleka

Fumo Liyongo, shujaa na malenga wa Pate katika visiwa vya Lamu, anafahamika zaidi kupitia utendi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Kwa mujibu wa mapokeo, hakuna aliyethubutu kumkabili ana kwa ana, seuze kushikana naye mieleka. Hata hivyo, mara mbili aliokolewa na ustadi wa michezo, wala si misuli. Katika kikoa cha kula makoma, kila mtu alikwea mkoma kwa zamu, na maadui walipanga kumpiga mishale akiwa juu. Liyongo alibaki chini, akayaangua makoma kwa mshale. Aidha, alipofungwa, kishindo cha ngoma ya gungu kilificha sauti ya tupa iliyokata minyororo yake, tupa ambayo mamaye aliitia ndani ya mkate wa wishwa.

Kilichomwangusha hatimaye ni kumwamini wa damu yake. Mwanawe, aliyeahidiwa na Sultani kuozwa bintiye, alimdunga sindano ya shaba kitovuni akiwa usingizini. Liyongo aliinuka, akapiga goti karibu na kisima, mshale u tayari upoteni, akafa hivyo. Watu wakakosa maji kwa kuihofu maiti.