Mobutu na kikwembe cha wamama

Joseph-Désiré Mobutu alizaliwa Lisala tarehe 14 mwezi wa 10, 1930. Alikamata utawala tarehe 24 mwezi wa 11, 1965. Katika siasa yake ya kurudia asili, wanaume waliachishwa kravati, wamama wakakatazwa pantalo, jipi fupi na nywele za bandia. Lubumbashi, kama inchi nzima, kikwembe kikawa amri. Cha pili kinafungwa juu ya cha kwanza, kiuno kinaonekana kipana: mama mnene ndiye akasifiwa, mwembamba akasemwa. Vikwembe vingine vilikuwa na sura ya raisi mwenyewe. Mwaka 1990, alipokubali vyama vingi, masharti hayo yaliregea, pantalo zikarudi. Alifariki Rabat, Maroko, tarehe 7 mwezi wa 9, 1997. Kikwembe kimebaki, ila si kwa amri tena.