Robert Koch na Vita vya Damu

Wanafunzi wenzangu, kwetu Mbulu, na kwa jirani zetu wa Hanang, ng'ombe akifa ghafla na damu nyeusi ikamtoka puani, wazee hukataza asichunwe. Babu yangu huagiza azikwe mzima. Ugonjwa huo ni kimeta, nami nataka kuwasimulia habari za mtu aliyethibitisha chanzo chake.

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, Ujerumani. Alisoma udaktari Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Baadaye akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji mdogo usio na maabara, basi akajitengenezea maabara nyumbani mwake. Alitwaa damu ya kondoo waliokufa kwa kimeta, akaitia kwa vijiti katika miili ya panya. Panya wakafa, na kwa hadubini aliona katika damu yao vijidudu vilevile vyenye umbo la fimbo. Alitangaza hayo mwaka 1876. Mwaka 1878 aliandika juu ya vijidudu vya vidonda vinavyoingia katika damu, na mwaka 1882 akavumbua kijidudu cha kifua kikuu.

Koch alifika hata nchi yetu. Mwaka 1897 na 1898 alichunguza malaria Dar es Salaam, na mwaka 1905 alirudi kuchunguza homa ya papasi. Mwaka huohuo alipewa Tuzo ya Nobel. Alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden.

Lakini mtu mkubwa naye hukosea. Mwaka 1890 alitangaza dawa ya kifua kikuu, tuberkulini, iliyotokana na vijidudu vyenyewe. Haikuponya. Wagonjwa wengi walipandwa na homa kali, na wengine wakafa, maana miili yao iliamshwa ikapigana kupita kiasi.

Koch alimwona adui. Hiyo ni nusu ya vita. Nusu ya pili imo katika chembe nyeupe za damu yetu. Ndani yake zimo jeni, yaani maagizo ya kazi za mwili. Vijidudu vya kidonda vikienea, chembe hizo hufungua jeni za kupiga mbiu, zikatengeneza protini za kuita msaada na kuleta homa. Hiyo ni kinga njema. Ila katika sepsisi mbiu haikomi: mishipa huvuja, shinikizo la damu hushuka, figo na mapafu hudhoofika. Tena jeni nyingine, zinazosaidia chembe kuonyeshana sura ya adui, hufifia, na mgonjwa hubaki bila ulinzi. Ndiyo sababu mtu aweza kufa hata baada ya dawa kuua vijidudu.

Mwaka jana mdogo wangu alijikata mguu kwa jembe. Siku ya tatu alikuwa na homa, akihema upesi na kusema maneno yasiyoeleweka. Jirani mmoja alishauri tungoje asubuhi. Mama hakungoja, alimpeleka hospitali usiku uleule, na mtoto akapona.

Basi, wenzangu, mwendapo likizo, osheni kila kidonda kwa maji safi na sabuni. Mkiona dalili kama hizo, msingoje kuche. Koch alitufundisha kumtafuta adui. Nasi tujifunze kuwahi kabla mlinzi hajaichoma nyumba anayoilinda.