Daktari Robert Koch na Wanyama Wake

Wengi wetu tumelisikia jina la Robert Koch katika masomo ya Biolojia, maana ni shida kueleza habari za kifua kikuu pasipo kumtaja. Lakini si wengi wajuao kwamba daktari huyu alikanyaga nchi hii zaidi ya mara moja, akafika hata Usambara, milima ile tuionayo tukisimama Kihurio na kutazama ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Basi inafaa tueleze maisha yake, na hasa habari za wanyama aliowatumia katika kazi yake, kwa kuwa hao ndio waliompatia sifa, na hao hao walimpoteza njia.

Alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika Ujerumani, katika nyumba yenye watoto wengi. Alisomea udaktari Göttingen, akamaliza mwaka 1866. Baada ya vita vya Wajerumani na Wafaransa alipata kazi ya udaktari wa wilaya katika Wöllstein, mji mdogo ambao siku hizi umo katika Polandi na huitwa Wolsztyn. Hakuwa na maabara. Alikata chumba alichopokelea wagonjwa kwa pazia, na nyuma ya pazia akaweka hadubini yake na vizimba vya panya.

Wilaya ile ilikuwa imeingiwa na kimeta, ugonjwa ambao mfugaji wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa: ng'ombe aliyelala mzima huonekana asubuhi amekufa, damu nyeusi inamtoka puani. Wataalamu wengine walikuwa wamekwisha kuona vijiti vidogo sana katika damu ya wanyama waliokufa kwa kimeta, ila hapakuwa na mtu aliyethibitisha kwamba vijiti hivyo ndivyo viuavyo. Koch alichonga vibanzi vya mti, akavichoma motoni ili visiwe na uchafu, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, kisha akavipenyeza chini ya ngozi ya panya karibu na mkia. Kesho yake panya alikuwa maiti. Alimpasua, akaikuta bandama yake imevimba na damu imejaa vijiti. Akachukua kidogo kutoka kwa panya huyo akampa wa pili, na wa pili akampa wa tatu, na kila mara aliziona dalili zile zile. Panya wengine aliwatia damu ya mnyama mzima, nao hawakudhurika. Jambo hili la mwisho laonekana dogo, lakini pasipo hilo kazi yote ingekuwa bure, kwa sababu mpinzani angeweza kusema panya wamekufa kwa jeraha la kibanzi tu.

Aligundua pia kwamba vijiti hivyo hujigeuza mbegu ngumu zenye kuvumilia udongoni miaka mingi, na ndiyo maana malisho mamoja huua mifugo tena na tena. Mwaka 1876 alikwenda Breslau kumwonyesha Profesa Ferdinand Cohn kazi yake, na daktari wa shamba akawa mtu maarufu. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alitangaza kwamba ameona kidudu cha kifua kikuu. Safari hii mashahidi wake walikuwa simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia, ambao hushikwa upesi na ugonjwa huo.

Hapa ndipo alipojikwaa. Mwaka 1890 alitangaza dawa iliyozuia kifua kikuu katika simbilisi. Wagonjwa wakamiminika Berlin kutoka kila upande. Koch alikuwa amejidunga mwenyewe dawa ile, akashikwa na homa kali na kutetemeka, na onyo hilo lingetosha. Dawa haikuponya watu. Wengine walizidiwa na wengine wakafa. Ilibaki na faida moja tu, nayo ni kupima: mpaka leo dawa ya namna hiyo hudungwa ngozini ili kujua kama mtu ana vidudu vya kifua kikuu mwilini.

Alifika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria na magonjwa ya ng'ombe. Aliporudi mwaka 1905 alishughulika na papasi, wale wajificho katika sakafu za udongo na kuuma usiku. Alikusanya papasi katika vibanda vya wasafiri kwenye njia za misafara, akaona kwamba vidudu vya homa huingia hata katika mayai yao. Watoto wa papasi, ambao hawajapata kumwuma mgonjwa, waliwapa tumbili homa ile ile. Mwaka huo huo alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 1906 alikwenda Visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria. Malale ilikuwa ikiwamaliza watu wa Uganda. Waliokufa katika miaka ile walizidi 200,000. Dawa aliyotumia iliitwa atoksili, yenye asili ya zaranika, na jina lake lina maana ya kitu kisicho sumu. Ilikuwa imejaribiwa Liverpool kwa wanyama wenye vidudu vya namna hiyo, ikaonyesha matumaini. Wagonjwa wengi walipata nafuu, kisha ugonjwa ukawarudia. Koch akaongeza kipimo, na watu 22 wakapofuka kabisa.

Panya aliye kizimbani hawezi kusema kwamba macho yake yanafifia, asipokuwapo mtu wa kumpima macho. Siku hizi katika maabara kubwa panya mmoja hupimwa uzito, macho, masikio, mwendo, damu na moyo kabla na baada ya kupewa dawa, na wanyama wa aina nyingine hujaribiwa pia. Watu wale wa Sese hawakupata hadhari hiyo, wala wengi wao hawakuwa na njia ya kukataa.

Koch alirudi kwao mwaka 1907. Alikufa Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910 kwa maradhi ya moyo, na majivu yake yamewekwa katika taasisi ya Berlin iitwayo kwa jina lake.