Vincent van Gogh na Sura Iliyofichika

Wanafunzi wenzangu wa Makwasinyi, mmepata kusikia habari za Vincent van Gogh? Mchoraji huyu alizaliwa Uholanzi mwaka wa 1853. Pesa hana; mdogo wake Theo ndiye aliyemtumia za chakula na rangi. Kitambaa kilipoisha, alichora upande wa pili wa kilekile. Alifariki Ufaransa mwaka wa 1890, umri miaka 37.

Kumbe hadithi haikuisha! Mwaka wa 2022, huko Edinburgh, picha yake ya mwanamke wa shambani ilipigwa eksirei. Rangi yenye madini ya risasi huzuia miale, kama mfupa. Nyuma, chini ya gundi na kadibodi, akatokea mwanamume mwenye kofia. Wataalamu wanaamini ni Vincent mwenyewe.

Basi wachoraji wetu, karatasi iliyotumika upande mmoja msiitupe!