Moyo wa Mzee Kenyatta

Mzee Jomo Kenyatta alizaliwa katikati ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19. Alikamatwa Oktoba 1952, akahukumiwa Kapenguria mwaka uliofuata, akaachiwa huru 1961. Mwaka 1963 akawa waziri mkuu, na Desemba 1964 rais wa kwanza wa nchi hiyo.

Leo tunamkumbuka kwa maradhi yake. Kwa miaka mingi Mzee alisumbuliwa na moyo, na wananchi walifichwa. Tarehe 22 Agosti 1978 alifariki dunia Mombasa kwa shambulio la moyo.

Mwaka mmoja kabla, Julai 1977, kifua cha binadamu kilipigwa picha ya MRI kwa mara ya kwanza, huko New York. Picha moja ilichukua karibu saa 5. Leo kipimo hicho hutumia sumaku na mawimbi ya redio, bila eksirei, kuonesha moyo unavyosukuma damu na makovu yaliyobaki ndani yake. Daktari hujua moyo umeshindwa kazi kwa kiasi gani, na mara nyingi kwa nini.

Kwa msikilizaji wetu wa Kibiti na visiwa vya delta ya Rufiji, safari haianzii kwenye MRI. Inaanzia zahanati: kupimwa presha, kusikilizwa kifua, kisha rufaa. Miguu ikivimba, au pumzi ikibana ukilala chali, usifiche. Mzee alikuwa na madaktari karibu. Wewe kati yako na daktari kuna mto.